Vijana wangu wanaitwa mahakamani: niwaandaeje?

SWALI: Shikamoo mwanasheria. Mimi ni mnyapara wa kikosi cha matengenezo ya barabara katika manispaa moja. Nina vijana 14, wengi wao vibarua. Mwezi wa nne tulichimba mtaro kukatisha barabara ili tubadilishe kalavati lililobomoka. Usiku wa siku ya pili dereva wa bodaboda akaingia mle na kuvunjika mguu. Sasa ofisi imepokea notisi ya siku 90 kwamba tunashtakiwa, na mwanasheria wetu amesema mimi na vijana watatu tutatoa ushahidi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda kizimbani. Vijana wanataka tukae tukubaliane maneno. Mmoja anasema daftari la saiti liandikwe upya, maana lina matope na kuna siku halikujazwa. Na liko jambo linaloninyima usingizi: kijana mmoja ameniambia kwa siri kuwa jioni ile aliondoka na taa ya tahadhari, akaenda kuitumia kwake kwa kuwa umeme ulikatika. Niwaandaeje?

JIBU: Marahaba, mnyapara. Nianze na daftari, maana hilo linaweza kuwazamisha kabla jaji hajasikia neno lenu hata moja.

Lisiandikwe upya. Lisifutwe, lisijazwe mapengo, lisiongezwe hata nukta. Leo hii litie kwenye bahasha pamoja na kitabu cha stoo cha mwezi huo, umkabidhi mwanasheria wenu kwa kusainiana, nawe ubaki na nakala. Niliwahi kutetea ofisi moja ya umma ambayo shahidi wake alikuja na daftari safi mno: wiki tatu nzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, hakuna tone la tope. Wakili wa mdai hakuuliza habari za barabara kabisa. Aliuliza, "Tarehe 11 mvua ilinyesha?" Shahidi akasema ilinyesha sana, hata kazi ikasimama. "Na daftari lilikuwa wapi?" "Nilikuwa nalo mkononi." Wakili akalifunua, akamwonyesha jaji kurasa nyeupe kama sanda, akakaa. Kazi iliyofanywa pale barabarani ilikuwa nzuri, naamini hivyo hadi leo, lakini tangu dakika ile hakuna aliyetuamini.

Tope la daftari lenu linasema lilikuwepo saiti. Siku ambazo hazikujazwa, mtasema hazikujazwa na mtaeleza kwa nini. Halafu hili si suala la heshima tu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16 ya sheria zetu, inaweka kifungo cha hadi miaka saba kwa anayesema uongo chini ya kiapo na kwa anayemshawishi mwenzake aseme, na kutengeneza ushahidi ni kosa lingine linalojitegemea. Kijana aliyekuja na wazo hilo alitaka kuwaokoa. Mkalishe, umweleze kwa upole kwamba angekuwa anageuza shauri la fedha kuwa shauri la jela.

Hiyo ndiyo hofu ya pili ya kuondoa. Vijana wakisikia "tunashtakiwa" wanaona pingu. Hapa hakuna mshtakiwa. Hili ni shauri la madai: mwenye kuumia anadai fidia, na anayebeba mzigo wa uzembe wa mfanyakazi aliyekuwa kazini kwa kawaida ni mwajiri. Vijana wako wanakwenda kueleza walichoona na walichofanya. Wakilielewa hilo tu, nusu ya kutetemeka inaisha.

Notisi mliyopokea inatokana na sheria ya mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, utaratibu wa siku 90 unazihusu pia halmashauri na wakala za Serikali, na siku zikiisha shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa kama mhusika wa lazima. Kwa hiyo msishangae mkiongozwa na Wakili wa Serikali msiyemfahamu, mtu ambaye hajawahi kukanyaga mtaa wenu. Yeye ataijua barabara yenu kwa kupitia macho yenu na makaratasi yenu. Ndiyo maana siku hizi 90 ni za thamani: kumbukumbu bado ni mbichi na kibarua bado hajarudi kwao kulima. Madai ya aina hii yanaweza kufunguliwa hadi miaka mitatu baada ya ajali, nami nimeona mashahidi wakitafutwa nchi nzima kwa majina kama "Juma Mrefu". Andika leo jina kamili la kila aliyekuwepo siku zile mbili, simu yake, kijiji alikotoka, na simu ya ndugu yake mmoja.

Hukuniambia barabara yenyewe ni ya nani, na usidhani ni jambo dogo. Tangu mwaka 2017 barabara nyingi za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, zile kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, na kazi nyingine hufanywa na mkandarasi au kikundi cha kijamii kwa mkataba. Tafuta karatasi iliyowaagiza kuchimba: nani aliisaini, ilisema mchimbe lini, ilitaja alama gani za usalama. Karatasi hiyo inaweza kuwa nzito kuliko mashahidi wanne.

Sasa hili la kukubaliana maneno. Msifanye. Mashahidi husubiri nje, kila mmoja huingia peke yake bila kusikia mwenzake alisema nini. Wanne wakiingia mmoja mmoja na wote wakasema "tuliweka mapipa matatu yaliyojazwa mchanga na utepe wa rangi nyekundu na nyeupe", neno kwa neno, jaji aliyesikiliza watu kwa miaka 20 anajua maneno hayo yamepikwa jiko moja. Ushahidi wa kweli una tofauti zake. Aliyekuwa ndani ya mtaro na koleo hakuona alichoona mwenzake aliyekuwa anasimamisha magari kwa bendera, na aliyekwenda kununua chakula hakuona chochote kwa nusu saa. Acheni tofauti hizo zibaki.

Lakini kumwandaa shahidi ni halali kabisa, tena wakili asiyewaandaa mashahidi wake anawaonea. Tofauti ni hii: anayepika anamwambia shahidi aseme nini, anayeandaa anamsaidia akumbuke, aelewe maswali, na asijiumize kwa ulimi wake. Mpinzani akimwuliza kijana wako kizimbani, "Si umekutana na wakili wako? Si amekufundisha?", asikane kwa hofu. Ajibu: "Nilikutana naye. Aliniambia niseme niliyoyaona." Na wewe, mnyapara, ni shahidi pia, kwa hiyo usiwe mwalimu wao. Kazi yako ni kupanga: mwombe mwanasheria aje, azungumze na kila mmoja peke yake, na azungumze nao palepale penye kalavati, siyo ofisini.

Palepale, na kwa saa ileile. Nendeni jioni giza linapoingia. Kijana asimame alipokuwa amesimama. Mti ule wa mwarobaini uko wapi? Duka la kona lilikuwa na taa? Pikipiki ikitokea upande wa sokoni, mtaro unaonekana ukiwa umbali gani? Mtu akiwa kwenye kiti cha ofisi anasema "kama mita mia hivi", akifika barabarani anagundua ni mita 30. Pimeni kwa futi kamba, muandike. Msiyoyapima yaitwe makadirio, na shahidi aseme "nakadiria". Akikataa katakata kwamba ni makadirio, mpinzani atamtoa nje kumpimia.

Wekeni umakini kwenye saa pia. Daftari lenu linaandika saa 2:00 na simu iliyopiga picha inaandika 20:00, na wote wawili wanasema kweli. Nimeona nusu siku ikipotea mahakamani kwa ajili ya "saa 8" moja ambayo hakuna aliyejua ni ya mchana au ya usiku. Andikeni asubuhi, mchana, jioni au usiku kila mara.

Nije kwenye ulimi wenyewe, maana hapa ndipo mafundi wazuri huanguka. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na watu wanadhani basi shida imekwisha. Haijaisha. Kiswahili chetu cha kila siku kina mitego mitatu ambayo wakili hodari anaifahamu.

Wa kwanza ni "tu". Kwa adabu yetu fundi hapendi kusema "mimi, mimi". Anasema "tuliweka utepe". Swali linalofuata ni, "Wewe uliweka?" Anababaika: aliyeweka ni mwenzake. "Ulimwona akiweka?" Hapana, aliukuta umewekwa. Mahakama inataka kila mtu aseme alichokiona kwa macho yake, na "tu" yake imemfanya aonekane mwongo wakati alikuwa mnyenyekevu tu. Afundishwe kusema: "Mimi nilijaza mchanga mapipa mawili. Utepe niliukuta umefungwa."

Wa pili ni "huwa". "Huwa tunaweka mapipa pande zote." Vizuri, na siku ile? Kimya. Desturi ya kikosi inasaidia, lakini haijibu swali la usiku mmoja. Akiwa anakumbuka usiku ule, aseme usiku ule. Akiwa hakumbuki ila anajua desturi, aseme yote mawili, kwa utaratibu huo: "Usiku ule sikumbuki. Kwa kawaida huweka."

Wa tatu ndio mbaya kuliko yote. "Hukuweka taa upande wa chini, siyo?" Fundi anajibu "ndiyo". Ndiyo niliweka, au ndiyo sikuweka? Jaji anaandika anavyoelewa, na miezi minne baadaye hukumu inasema shahidi alikiri. Swali likija kwa kukanusha, jibu liwe sentensi nzima: "Niliweka", au "Sikuweka." Nyote mfanye mazoezi ya hili hadi liwe kama kupumua. Na kuna watu waliozoea kumjibu "ndiyo bosi" kila aliyevaa suti, hata bosi akikosea. Pale kizimbani heshima ni kusema kweli. Mtu anaweza kusema "Hapana, mheshimiwa, sivyo" kwa sauti ya upole na adabu yake isipungue.

Baada ya maswali ya msingi kutoka kwa wakili wenu, yatakuja ya dodoso, yaani ya kupima ukweli wa majibu, kutoka kwa wakili wa mdai. Mdai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha: kwamba mlikuwa na wajibu wa kumlinda mpita njia, kwamba hamkufanya ambacho watu makini wangefanya, na kwamba hilo ndilo lililomvunja mguu. Kwa hiyo maswali yatazunguka vitu vidogo. Fanyeni zoezi, mtu wa ofisi ya sheria avae ukali wa mpinzani na aulize namna hii:

"Nani aliondoka saiti wa mwisho?" "Alikagua nini kabla ya kuondoka?" "Mlijua njia ile bodaboda wanapita usiku?" "Mliweka matawi ya miti barabarani. Tawi ni alama ya barabarani?" "Kwa nini mtaro haukufunikwa hata kwa bamba la chuma?" "Unakubali huo ni uzembe?"

Kwa hilo la mwisho, uzembe ni neno la jaji kuamua. Shahidi anarudi kwenye alichokifanya: "Mimi niliweka mapipa mawili na matawi upande wa sokoni." Kwa matawi, asione aibu wala asijivune: kama aliweka kwa sababu koni za tahadhari hazikutosha, aseme hivyo, na kama aliomba koni zaidi, aseme aliomba lini na kwa nani. Kama hakuomba, aseme hakuomba.

"Sikumbuki" ni jibu halali, na "sijui" ni jibu halali, lakini si jibu moja. Sijui ni kwa kitu ambacho hakuwahi kukijua. Sikumbuki ni kwa kitu alichokijua kikapotea. Akichanganya ataonekana anakwepa. Kama aliandika jambo mwenyewe wakati lilipotokea, anaweza kuomba ruhusa ya mahakama aangalie maandishi yake kujikumbusha, na mpinzani naye ana haki ya kuyaona. Tumerudi kwenye daftari lenye matope. Akilazimishwa "jibu ndiyo au hapana tu", ajibu kweli ilivyo hata kama inauma, asigombane. Wakili wenu atapata zamu ya maswali ya kusawazisha na hapo shahidi ataombwa afafanue.

Kimya ni kigumu kuliko yote. Wakili akishapata jibu ananyamaza, anamtazama shahidi, na shahidi anajaza kimya kile kwa maneno ambayo hakuulizwa. Naumia kila nikikumbuka mzee mmoja, fundi wa kweli, aliyejibu vizuri asubuhi nzima, kisha kwenye kimya cha sekunde tano akaongeza, "Lakini hata hivyo sisi tulishazoea." Alikuwa amezoea mvua. Upande wa pili ulisema kazoea kuumiza watu.

Mavazi na mengineyo ni mepesi: nguo safi, simu izimwe, aongee taratibu maana jaji anaandika, amwangalie jaji anapojibu, amwite "Mheshimiwa". Muislamu na Mkristo wataapa, asiye na dini atathibitisha. Mwambieni mapema asishtuke akiulizwa dini yake. Akimaliza, asirudi nje kuwasimulia wanaosubiri.

Kuna makaratasi msiyoyahesabu kuwa makaratasi. Grupu la WhatsApp la kikosi ni mojawapo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu picha na ujumbe wa simu kupokelewa kama ushahidi ikithibitika havijachezewa. Msifute chochote, hata ule utani wa asubuhi iliyofuata ambao sasa mnauonea haya, na aliyepiga picha za mtaro asiuze simu hiyo. Mwambieni mwanasheria kila kitu kilichomo.

Je, mlikwenda kumpa pole majeruhi? Kama hamkwenda, nendeni. Kumjulia hali mtu aliyelala na chuma mguuni ni utu, na hakuna wakili mwenye akili atakayewakataza. Ila msiandike karatasi yoyote mbele ya mwenyekiti wa mtaa, msiahidi kulipa, na msizungumzie nani alikosea. Mkiulizwa, semeni ofisi inalishughulikia. Na msiende kundi zima, ikaonekana mmekwenda kutisha.

Kwa kazi zijazo, sitaki kukupa orodha ndefu ambayo itakaa ukutani. Mambo mawili. Kila jioni kabla ya kuondoka, mtu mmoja mwenye jina apige picha tatu: upande mmoja wa shimo, upande wa pili, na kwa mbali kama dereva anavyoona. Aandike jina lake na saa. Picha hizo ndizo zitakazomjibu wakili miaka mitatu baadaye, siyo mimi. La pili ni alama zinazoibwa kwa ajili ya chuma chakavu. Katika mashauri ya mashimo na alama zilizopotea, swali kubwa huwa "mlijua lini, na mkafanya nini baada ya kujua?" Kikosi kinachoandika "kibao kimeibwa, tumetoa taarifa ofisini, saa 3:00 asubuhi" kina jibu. Kikosi kinachosema "hapa huwa wanaiba sana" kimekiri kwamba kilijua na kikakaa.

Nimeiacha taa mwisho kwa sababu ndiyo nzito, na najua ndiyo iliyokufanya uandike.

Taa hiyo isirudishwe stoo kimyakimya. Iko wapi sasa? Iache hapo, andika mahali ilipo. Usiwaeleze mashahidi wengine. Usimwambie kijana anyamaze, maana ukimwambia hivyo jambo lake linakuwa lako, na siku utakapoapa utaulizwa: "Taa zilikuwa ngapi?" Huna jibu la kweli linaloificha. Nawe unayo sehemu yako ya kueleza: kama hukuwa na utaratibu wa kukagua taa kabla ya kufunga kazi, hilo utaulizwa na utalijibu.

Mwanasheria wenu anapaswa kulijua sasa, notisi ikiwa bado inahesabika. Akilijua sasa anaweza kushauri ofisi izungumze na mdai, wakamalizana kwa fidia ya haki bila miaka ya kesi. Mwendo wa pikipiki, taa yake na umakini wa dereva navyo vitapimwa, na sheria, Sura ya 310, inaruhusu fidia kupunguzwa kulingana na mchango wa kosa la aliyeumia. Yote hayo yanawezekana wakili akiwa na ukweli mkononi. Akiusikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mpinzani, hana la kufanya.

Mwambie kijana jambo hili bila kumficha: wakili huyo anaitetea ofisi, si yeye binafsi. Anayoambiwa na mteja wake yanalindwa kisheria, lakini mteja ni ofisi, na ofisi inaweza kumchukulia hatua za kinidhamu. Kama ni mwanachama wa TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, aende kwa kiongozi wa chama apate mtu wa kusimama naye. Kama ni kibarua asiye na chama, hata saa moja ya wakili wake mwenyewe, au wa msaada wa kisheria, inamtosha kujua anasimama wapi. Alichukua taa watu wake wasikae gizani, na mtu mwingine akaanguka gizani. Ameshalijua hilo, ndiyo maana alikuja kwako. Usimwache aende ofisi ya sheria peke yake. Wiki hii, kabla ya Ijumaa, mpeleke wewe, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe.